Kuliokoa Tumbawe Linalougua Katika Tangi la Nyumbani

Mfugaji anayeamka asubuhi na kukuta polipu wamejikunja na weupe umeanza kutambaa juu ya tawi hushawishika kufanya mambo mengi kwa mkupuo: kubadilisha nusu ya maji, kumimina dawa, na kulihamishia tumbawe chini ya taa nyingine. Nawasihi wafugaji wenzangu wasianze hivyo. Matumbawe mengi ya nyumbani hudhoofishwa na mabadiliko ya ghafla ya maji, na tiba ya papara huwa ni badiliko jingine la ghafla juu ya lile la kwanza. Yapo maradhi mawili tu ambayo hayangoji, nayo nitayaeleza kwa urefu. Mengine yote humpa mfugaji nafasi ya kupima, kufikiri, na kurekebisha jambo moja baada ya jingine.

Tambua kwanza unachokiona

Tumbawe ni koloni la wanyama wadogo, polipu, ambao ndani ya nyama yao laini huishi mwani wa seli moja unaotengeneza chakula kwa kutumia mwanga. Chini ya nyama hiyo kuna kiunzi cheupe cha chokaa ambacho polipu wenyewe wamekijenga. Kwa sababu hiyo, weupe unaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali sana: ama mwani umetoka lakini nyama ingalipo, ama nyama yenyewe imebanduka na kiunzi kimebaki wazi. Hali ya kwanza ni kupauka, na tumbawe lililopauka lingali hai. Hali ya pili ni kufa kwa nyama. Polipu waliokufa hawafufuki, na kazi iliyobaki ni kuwalinda walio hai.

Njia nzuri ya kutofautisha hali hizo ni kuzima taa kuu na kulimulika tumbawe kwa tochi kutoka ubavuni. Nyama iliyopauka huonekana kama utando angavu unaong'aa, midomo ya polipu hubainika, na usiku minyiri yao midogo hujitokeza ikitafuta chakula. Kiunzi kilicho wazi hakina mng'ao wowote: kingo za vikombe vyake ni kali na kavu machoni, na baada ya siku chache utando wa mwani wa kijani au wa kahawia huanza kuota juu yake. Uko pia weupe wa tatu ambao huwatia watu hofu bure. Acropora na Montipora, ambazo ni aina za matumbawe magumu, zinapokua, ncha na kingo zake huwa nyeupe au hafifu kwa kuwa mwani haujaijaza nyama mpya. Ukingo wa kukua ni mwembamba, sawia na laini, nao huwa mwisho wa tawi au pembezoni mwa sahani. Ukingo wa kufa mara nyingi huanzia chini ya shina au upande wa kivuli, na umechanikachanika.

Ukisha kujua kwamba nyama inabanduka, jambo la kujua mara moja ni kasi. Piga picha tumbawe kutoka mahali pale pale, ukitumia doa au tawi fulani kama alama, kisha piga tena baada ya saa mbili au tatu na ulinganishe. Mstari ulioenda sentimita moja au zaidi katika saa hizo ni dharura, na yafaa uruke moja kwa moja hadi sehemu inayohusu kukata. Mstari unaosogea milimita chache kwa wiki unakuruhusu kuketi na vifaa vyako vya kupimia, na hapo ndipo ninapotaka tuanze.

Pima maji, ukianza na yale yanayobadilika haraka

Joto linafaa liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na chumvi iwe gramu 35 katika kila kilo ya maji, yaani uzito linganifu wa takriban 1.026. Ipime chumvi hiyo kwa refraktomita, kifaa kinachoisoma kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, na kabla ya kuiamini isawazishe kwa maji maalumu ya gramu 35 yanayouzwa kwa kazi hiyo, kwa maana refraktomita iliyosawazishwa kwa maji matupu peke yake inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na ikakosea pale unapoihitaji. Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesiamu 1,250 hadi 1,400. Amonia haifai kuonekana kabisa. Nitrati ya miligramu 2 hadi 10 na fosfati ya 0.03 hadi 0.1 zinatosha, na ningependa kusisitiza kwamba hazipaswi kuwa sifuri: tangi lililochujwa mpaka halina nitrati wala fosfati hutoa matumbawe yaliyofifia, yenye nyama nyembamba, ambayo hushindwa kustahimili hata msukosuko mdogo. Mfugaji anayeongeza vichujio vya kuondoa fosfati kila anapoona rangi imepungua huenda anazidisha njaa ile ile inayolimaliza tumbawe lake.

Kipimo ninachokihofia kuliko vyote ni alikali, yaani akiba ya kaboneti na bikaboneti majini, ile ambayo vifaa huiandika kwa nyuzi za dKH. Maji ya bahari huwa na karibu nyuzi 7, na matangi mengi huendeshwa kati ya 7 na 9. Matumbawe huitumia alikali kila siku kujengea kiunzi, kwa hiyo tangi lenye matumbawe mengi linaweza kushuka nyuzi nzima kwa siku moja pampu ya kuiongezea inapoziba, au kupanda nyuzi kadhaa usiku mmoja pampu hiyo inapokwama ikiwa wazi. Pima kila siku saa ile ile, kwa kuwa kiwango hupanda na kushuka kadiri saa za siku zinavyokwenda, na uandike daftarini. Katika daftari la mwezi mmoja mara nyingi utaona siku ambayo mstari uliruka, na siku kadhaa baadaye ndipo tumbawe lilipoanza kubanduka.

Kama alikali imeshuka, ipandishe kwa nyuzi isiyozidi moja kwa siku. Soda ya kuokea, yaani bikaboneti ya sodiamu iliyo safi, inatosha: gramu 3 hupandisha lita 100 za maji kwa karibu nyuzi moja. Tangi la lita 300 ukitoa nafasi ya mawe na mchanga huenda lina lita 250 za maji, kwa hiyo kulipandisha kutoka 6 hadi 8 kunahitaji gramu 15 kwa jumla, zigawanywe kwa siku mbili, na kila siku nusu asubuhi na nusu jioni. Iyeyushe kwanza katika maji safi, kisha mimina polepole pale penye mkondo mkali, mbali na matumbawe. Usitumie magadi yale ya kupikia maharage, ambayo yana madini mengine na nguvu tofauti, wala unga wa kuumulia keki, ambao umechanganywa na asidi na wanga. Kama alikali imepanda kupita kiasi, acha kuongeza chochote na uiache ishuke yenyewe kadiri matumbawe yanavyoitumia. Kuivuta chini kwa asidi ni kuongeza mshtuko juu ya mshtuko.

Joto nalo halina msamaha. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kutokana na El Niño, matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Shelisheli, yalipauka kwa wingi na mengi yakafa, ilhali kiasi kilichohitajika kilikuwa nyuzi moja au mbili tu juu ya kawaida ya msimu wa joto, zikidumu kwa majuma. Katika chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, au cha Maskati mwezi Julai kiyoyozi kinapozimika, tangi dogo hufika huko kwa muda wa alasiri moja. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha joto kwa nyuzi mbili hivi kwa njia ya mvuke, kwa sharti kwamba maji yanayopotea yarudishwe kwa maji yasiyo na chumvi siku ile ile, la sivyo chumvi itapanda. Usitumbukize barafu. Umeme ukikatika, kinachowahi kuwaumiza viumbe ni ukosefu wa oksijeni, hata kabla ya joto kubadilika, kwa hiyo pampu ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha lazima popote ambapo umeme hauna uhakika.

Wale wanaoteka maji baharini wanayo faida kubwa, na pia hatari yake. Maji hayo yatekwe yanapojaa, mbali na midomo ya mito, bandari na mifereji ya maji machafu, na yapimwe chumvi kila mara, maana wakati wa masika maji ya ufukweni huchanganyika na maji ya mvua na matope ya mito. Kwa wanaochanganya chumvi ya dukani, maji ya bomba hayafai: klorini yake hudhuru, na shaba kidogo tu kutoka kwenye mabomba yaweza kuwaua wanyama wasio na uti wa mgongo. Tumia maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa kusukumwa kupitia utando, yaliyopita pia kwenye kichujio cha kuondoa ayoni, yakisoma sifuri kwenye kipima madini. Maji ya kunywa ya chupa mara nyingi yamerudishiwa madini, kwa hiyo hayachukui nafasi yake.

Kama vipimo vyote ni vizuri na tumbawe bado linazidi kudhoofika, toa pampu za mawimbi moja baada ya nyingine na uzigeuze. Sumaku zake zimefunikwa kwa plastiki, na plastiki hiyo ikipasuka, chuma kilicho ndani huvimba na kutoa kutu. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama unywele, wenye alama ndogo ya rangi ya chungwa pembeni. Angalia pia vibanio vya mabomba na kishikilio cha sumaku cha kusafishia kioo. Ukigundua kutu, ondoa kifaa hicho, badilisha maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na weka kaboni amilifu pamoja na kichujio cha kunasa metali. Kaboni hiyo hiyo inafaa pia pale ambapo matumbawe laini, hasa ya ngozi kama Sarcophyton, yanaishi pamoja na matumbawe magumu, kwa sababu hutoa majini kemikali za kuwazuia majirani.

Huku ukitafuta chanzo, kubadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kwa maji mapya yenye joto na chumvi ile ile ni huduma ya kwanza iliyo salama karibu kila wakati.

Usalama wako kabla ya kuingiza mkono

Zoanthus na hasa Palythoa, zile polipu za kitufe zinazopendwa kwa rangi zake, zinaweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika viumbe. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho kila unapozikata au kuziogesha dawa, usizisugue nje ya maji, na kamwe usichemshe wala kumwagia maji ya moto jiwe lenye polipu hizo ili kulisafisha, kwa kuwa mvuke wake umewahi kuwalaza hospitalini watu wa nyumba nzima. Mwenye kidonda mkononi asubiri kipone. Ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana, homa au macho kuuma baada ya kazi hiyo ni sababu ya kwenda hospitali mara moja na kumweleza daktari ulichokigusa.

Maradhi mawili yasiyongoja

Ugonjwa wa ute wa kahawia huyapata zaidi matumbawe yenye polipu wakubwa wa nyama nyingi, hasa Euphyllia glabrescens ya minyiri mirefu na jamaa zake wenye ncha za umbo la nyundo. Unaanza kwenye kichwa kimoja: polipu hujikunja, nyama hulegea kwenye ukingo wa kiunzi, kisha hutokea ute mzito wa rangi ya kahawia unaoelea na kuyumba maji yanapopita, mithili ya uji uliomwagika majini. Ukiuvuta kwa bomba la sindano na kuunusa, una harufu ya uvundo isiyosahaulika. Chini ya hadubini ute huo hujaa bakteria na vijidudu vya seli moja, siliati, vinavyokula nyama iliyoharibika. Mara nyingi huanza baada ya jeraha: tumbawe lililoanguka, lililosuguliwa na jirani, au lililosafirishwa vibaya. Kichwa kizima chaweza kwisha kwa siku moja, na kipande cha ute kikipeperushwa kwenye kichwa cha jirani, kazi huanza upya huko.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzima pampu zote kabla hujaligusa tumbawe. Ingiza bakuli ndani ya tangi, lilaze tumbawe ndani yake chini ya maji, na uliinue pamoja na maji yake, ili ute usitawanyike njiani. Ukiwa nje, nyonya ute wote kwa bomba la sindano kubwa au mpira mwembamba. Usiupulize. Maji hayo yasirudi kwenye tangi.

Kisha angalia umbo. Matumbawe ya matawi, ambayo kila kichwa kina shina lake, yana nafasi nzuri: kata shina la kichwa kilichougua kwa koleo kali la kukatia mifupa, chini kabisa ya mahali nyama inapoishia, na ukiondoe hata kama nusu yake inaonekana nzima. Najua inauma kutupa polipu ambayo bado inasogeza minyiri, lakini kichwa kilichokwisha kuanza kuyeyuka ni nadra kupona, na kukiacha ni kuhatarisha vichwa vilivyobaki. Tumbawe la ukuta, ambalo nyama yake ni moja inayoungana mwanzo hadi mwisho, lina matumaini madogo zaidi. Hapo msumeno mwembamba hukata kiunzi na nyama angalau sentimita mbili ndani ya sehemu iliyo nzima, na jeraha hilo nalo linahitaji uangalizi.

Vichwa vilivyosalia vioge dawa. Chukua lita moja ya maji ya tangi, weka matone 5 hadi 10 ya iodini ya Lugol ya asilimia 5 mpaka maji yawe na rangi ya chai nyepesi, na uliweke tumbawe humo kwa dakika 10, ukitikisa maji polepole kwa bomba la sindano ili dawa ifike kila upande. Anza na matone machache kwa tumbawe lililo dhaifu. Maji ya dawa yawe na joto sawa na la tangi. Bakuli dogo hupoa au kupata joto haraka, na hilo husahaulika kwa urahisi. Baada ya hapo lisuuze katika bakuli la pili la maji safi ya tangi, mwaga yote mawili, na uliweke tumbawe kwenye tangi la karantini lenye mkondo wa kutosha na mwanga hafifu. Lichunguze asubuhi na usiku. Ute ukirudi, rudia kunyonya na kuogesha baada ya siku mbili. Wapo wanaotumia viuavijasumu vya binadamu kama siprofloksasini, na wakati mwingine husaidia. Mimi ningevitumia tu kwa ushauri wa daktari wa mifugo, ndani ya karantini pekee, kwa sababu dawa hiyo ikiingia kwenye tangi kuu au kwenye mtaro hufanya madhara makubwa zaidi ya kupoteza tumbawe moja.

Ugonjwa wa pili ni ule wa nyama kubanduka kwa kasi, ambao huwapata zaidi Acropora na jamaa zake wa polipu wadogo. Hakuna ute wa kahawia hapa. Nyama hulegea na kuchukuliwa na maji vipande vipande, na nyuma yake hubaki kiunzi cheupe kisicho na doa. Huanza mara nyingi kwenye shina na kupanda. Koloni lililochukua miaka miwili kukua laweza kubaki jeupe jioni ile ile. Kuliogesha dawa koloni zima katika hali hiyo hakusaidii sana, na usumbufu wenyewe huongeza kasi. Kinachookoa ni kukata ncha zilizo nzima mapema kabisa, angalau sentimita moja au mbili mbele ya mstari, na ni heri kukata mbali zaidi kuliko karibu. Tumia koleo lililooshwa na kukaushwa, suuza vipande, vigundishe kwenye vibao vidogo vya kauri kwa supaglu ya jeli ambayo hukauka hata ikiwa na unyevu, na funika sehemu yote ya kiunzi iliyokatwa kwa gundi hiyo. Visambaze: viwili mkondo huu, viwili mkondo ule, na kama una rafiki mwenye tangi zuri, mpe vichache akuhifadhie. Hata ukibaki na kipande kimoja cha urefu wa kidole gumba, koloni halijapotea.

Iwapo mstari wa kubanduka ni wa polepole, milimita kwa wiki, njia ni nyingine. Tafuta chanzo kwenye maji, na usiwe mwepesi wa kukata koloni zima. Kupaka gundi ya jeli juu ya mstari wenyewe, nusu kwenye kiunzi na nusu juu ya nyama hai, wakati mwingine huuzuia usiendelee. Kiunzi kilichobaki wazi na kuota mwani wa nyuzi kinaweza kupanguswa nje ya maji kwa brashi ndogo yenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, bila kuigusa nyama, kisha kisuuzwe.

Wadudu wanaojificha

Matumbawe yanayofifia bila sababu ilhali majirani wa jamii nyingine wananawiri huenda yanaliwa. Acropora huliwa na minyoo bapa ambao rangi yao hufanana na ya tumbawe kiasi kwamba macho huwapita. Kinachoonekana ni alama za kuumwa, madoa hafifu ya mviringo yenye ukubwa unaolingana. Puliza maji kwa nguvu kwa bomba la sindano katikati ya matawi, na utaona vitu vyembamba kama majani madogo vikibanduka. Mayai yao, yenye rangi ya shaba na yaliyopangwa kama vigae, hutagwa kwenye kiunzi kilichokufa karibu na shina. Montipora huliwa na konokono bahari wasio na kombe, weupe, wenye vishada mgongoni, wanaojificha chini ya sahani mchana na kutaga huko.

Dawa za kuogeshea zinazouzwa madukani huwaua au kuwalegeza wadudu wenyewe, lakini haziuui mgando wa mayai, na hapo ndipo tiba nyingi hushindwa. Baada ya kuoga, geuza tumbawe, kwangua mayai yote kwa kisu au kibano, toa kibao cha zamani ukibandike kipya, na urudie kila wiki kwa wiki sita hivi. Ondoa kwanza kaa wadogo wanaoishi kati ya matawi, kwa kuwa dawa itawaua, ilhali wao ni walinzi wa tumbawe na wanastahili kurudishwa. Samaki wa jamii ya Halichoeres, ambao hata miamba ya kwetu inao, hula baadhi ya wadudu hao na husaidia kuwapunguza, ingawa hawamalizi kazi.

Na hii ndiyo sababu kila tumbawe jipya lipitie karantini. Nalisema pia kwa wanaokaa pwani: tumbawe lililokufa lisifidiwe kwa kung'oa jingine mwambani. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, na hifadhi kama Mafia, Watamu na Kisite huipa miamba iliyopigwa na joto la 1998 na la miaka iliyofuata nafasi ya kurudi. Chukua kipande kutoka tangi la mfugaji mwenzako.

Uuguzi wa wiki zinazofuata

Tumbawe lililopauka au lililokatwa lipunguziwe mwanga hadi karibu nusu ya kiasi cha kawaida. Kwa Euphyllia iliyo na afya, mikromoli 50 hadi 150 kwenye kipima mwanga zinatosha, na Acropora hupendelea 200 hadi 350. Mgonjwa aanzie chini ya hapo, kivulini mwa jiwe au pembeni, na apandishwe kidogo kila wiki kwa muda wa wiki nne hadi sita. Mwanga mkali juu ya nyama isiyo na mwani wa kutosha huichoma, na mwani mchache uliobaki ndio unaofukuzwa kwanza. Mkondo uwe wa kuyumbayumba, wenye nguvu ya kuondoa ute na uchafu, usiopiga upande mmoja mfululizo hadi nyama ikavutika kutoka kwenye kiunzi.

Tumbawe lisilo na mwani linakufa njaa, kwa hiyo kulilisha ni tiba. Angua mayai ya Artemia, kamba wadogo sana wa maji ya chumvi, katika chupa ya maji ya chumvi yenye pampu ya hewa. Kwa joto la nyuzi 26 hadi 28 huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36. Taa zikisha kufifia na minyiri ikatoka, zima pampu za mawimbi, dondoshea polipu kiasi kidogo kwa bomba la sindano, na usubiri. Minyiri hujikunja polepole kuelekea mdomoni, na kwa polipu wakubwa utauona mdomo wenyewe ukifunguka na kufunga. Wape mara mbili au tatu kwa wiki. Kipande kikubwa kinachotemwa baada ya saa chache kilikuwa kikubwa mno, au polipu bado ni dhaifu. Rudi kwenye chembe ndogo zaidi, na uondoe mabaki kabla hayajaoza.

Kupona kwa tumbawe lililopauka huchukua wiki kadhaa na mara nyingi miezi, na rangi hurudi kwanza mahali penye kivuli, katikati ya vikombe na chini ya matawi, kama madoa ya kahawia yanayopanuka. Hapo wengi hukasirika kwamba rangi si ile ya buluu au zambarau waliyoinunua. Kahawia ni rangi ya mwani wenyewe, nayo ni habari njema. Rangi nyingine hufuata mwanga unapopanda. Kwa vipande vilivyokatwa, tazama mahali nyama inapokutana na gundi: ikianza kutambaa juu ya gundi na kushuka kwenye kibao, jeraha limefunga.

Tumbawe lirudishwe kwenye tangi kuu likiwa limekaa wiki nne mfululizo bila ute, bila mstari wa weupe, na likifungua polipu kila siku, mradi chanzo cha ugonjwa kimekwisha kurekebishwa huko. Lianze chini, kwenye mwanga unaolingana na wa karantini, na liachiwe nafasi ya angalau sentimita 15 kutoka kwa Euphyllia au Galaxea yoyote, ambazo usiku hunyoosha minyiri mirefu ya kuchomea majirani kwenye mkondo. Lichunguze kwa tochi saa mbili baada ya taa kuzimwa, usiku wa kwanza na wa pili, na kama mnyiri wa jirani unalifikia, lisogeze usiku huo huo.